Stempu Zisizo na Sura

Jumamosi ile ilikuwa ya kawaida kabisa, yaani ya njaa na redio. Digrii, jina alilobandikwa na mtaa kwa kejeli, alikuwa mezani na mkasi anakata stempu, maana shahada yake hakuna ofisi iliyoihitaji hata kwa kufunikia chai. Zilikuwa stempu za makosa, uchafu wa kiwandani: wino umehama, rangi imerukwa. Duniani wapo watu wazima na akili zao wanaokusanya makosa hayo na kuyalipia vizuri. Watu wenye digrii, hakuna anayewakusanya.

Dada yake alikuwa mfagizi katika kiwanda cha uchapaji. Kazi yake ya mwisho kila siku ilikuwa kuchana karatasi zilizoharibika, kila moja katikati, ndipo zitupwe. Digrii akamwomba azilete nzima.

"Iliyochanika nani ataitaka, dada? Be serious."

Dada alikuwa amechoka hata kubisha. Akaleta nzima.

Furushi la Jumamosi hiyo lilikuwa na karatasi moja ya ajabu, stempu tupu kuanzia juu hadi chini. Fremu ipo, bei ipo. Pale pa uso wa mtu, peupe.

"Jackpot!" akasema Digrii.

Jumatatu dada alirudi kabla hata ya kuingia kazini.

"Mlinzi kanizuia getini. Eti hanijui."

"Huyo naye kalewa asubuhi."

"Kaniangalia usoni, mdogo wangu. Kaniangalia sana."

Digrii akacheka. Kisha akaitazama ile karatasi. Kwenye kila stempu palikuwa pametokea kidevu.

Kesho yake, mdomo. Kisha pua. Alipomgeukia dada, akashindwa kusema pua yake ikoje, na dada alikuwa amekaa mbele yake.

"Ichane," dada akanong'ona. "Fundi mkuu alituonya, karatasi inayosubiri sura isitoke nzima. Nikaona ni mambo ya wazee."

"Na kama nitakuchana wewe?"

"Sijui."

Digrii akaishika. Vidole vikagoma.

"Hata kuchana karatasi unangoja uitwe intavyuu?" Sauti ya dada ilikuwa mbali. "Chana, nimechoka."

"Kesho, dada. Kesho asubuhi."

Asubuhi kitanda cha dada kilikuwa kimetandikwa. Digrii akamkimbilia mama mwenye nyumba aliyekuwa anafua uani.

"Dada yupi?" mama akauliza. "Si unaishi peke yako wewe?"

Akarudi ndani. Polepole.

Alikuwepo. Kwenye kila stempu, uso mzima, macho yamefumbwa. Digrii hakuwahi kumwona dada yake amepumzika hivyo.

Isipokuwa stempu moja, ya pembeni chini. Hiyo ilikuwa imefumbua macho.

Akaigeuza. Gundi ya nyuma ilikuwa imelowa. Akaigusa kwa ncha ya ulimi.

Chumvi. Na bado ya moto.