Ngozi Usoni mwa Lori

Kila siku saa kumi alasiri Nasimiyu aliacha alichokuwa akifanya akaenda kusimama langoni. Kama alikuwa akichanja kuni, kuni zilingoja. Kama alikuwa amebeba mdogo wake, alikuja naye mgongoni. Lori la baba yake lilikuwa likirudi kutoka Kitale, na hakutaka likate kona ya soko la Myanga bila yeye kuliona.

Lilikuwa lori jipya kabisa. Baba yake, Mzee Wakhungu, alikuwa ameuza ndizi na njugu kwa miaka kumi na minne, kwanza kwa baiskeli, kisha kwa mkokoteni wa ng'ombe, mpaka mwaka huo wa 1950 alipolinunua. Rangi yake ilikuwa buluu iliyokolea. Boneti iling'aa hivi kwamba Nasimiyu aliweza kuhesabu meno yake mwenyewe ndani yake.

Dereva aliitwa Thuo, lakini watu wote walimwita Baba Kabura, kwa jina la binti yake wa kwanza. Kwake kulikuwa Kitale, ambako wazazi wake walihamia kutoka Nyeri zamani, naye siku za kazi alilala kwenye chumba kilicho kando ya ghala la Mzee Wakhungu. Hakuwa msemaji. Akishuka kwenye lori, kabla hajanywa hata maji, alilizunguka polepole akipapasa rangi kwa ncha za vidole, kama mama anayemgusa mtoto kuona kama ana homa. Akikuta mahali ambapo jiwe la barabarani limebandua rangi, hata padogo kama punje ya mtama, alitoa kopo dogo la rangi, akachovya ncha ya unyoya wa kuku, akapagusa mara moja tu.

"Baba Kabura, si hapo hakuna mtu ataona?" Nasimiyu alimwuliza siku moja.

"Maji yataona," alijibu Thuo.

Nasimiyu alipenda jibu hilo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na aliamini kwamba katika wilaya nzima hakukuwa na mtu aliyejua kazi yake kama Baba Kabura.

Jambo moja tu Thuo na Mzee Wakhungu hawakuelewana, nalo lilikuwa ngozi. Siku lori lilipofika nyumbani, Mzee Wakhungu alichinja fahali, majirani wakala wakashiba. Ngozi yake ikatiwa chumvi nyingi isioze. Kisha mzee akaamua ifungwe mbele ya lori, kutoka kwenye boneti mpaka kwenye bampa, ili mawe ya njia ya Kamukuywa yaigonge ngozi badala ya kuigonga rangi.

"Mzee, mawe itazuia," Thuo alimwambia. "Lakini ngozi ya chumvi ikilowa maji haikauki upesi. Chumvi na maji vikikaa juu ya chuma, vinakila. Afadhali tuweke waya wa matundu."

"Waya nitautoa wapi? Na fahali ni wangu, lori ni langu. Funga."

Thuo akafunga. Lakini alisema lazima ngozi ifunguliwe kila jioni, chuma kioshwe kwa maji safi, kipanguswe mpaka kikauke, kisha kipakwe nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta ya taa. Baada ya hapo ngozi ingeweza kufungwa tena, kwa sababu lori liliondoka alfajiri.

"Kazi hiyo nitaifanya mimi!" Nasimiyu alirukia. Hakuna aliyemtuma.

Thuo alimtazama. "Kila siku?"

"Kila siku, Baba Kabura."

Basi Thuo akawa anashusha mizigo, anakagua magurudumu na kutia grisi chini ya gari, naye Nasimiyu anashughulika na uso wa lori. Kwa majuma mawili aliifanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu mzima. Mikono yake ilinuka nta, na hilo lilimpendeza. Shida ni kwamba ilinuka ngozi pia.

Mvua za masika zilipoanza, ile ngozi ililowa, ikavimba, ikaanza kutoa harufu. Nasimiyu alinawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu, lakini harufu haikutoka. Shuleni, rafiki yake Jentrix, aliyeketi naye dawati moja, alisogea mpaka ukingoni.

"Wewe Nasimiyu, leo umelala zizini?"

Darasa likacheka. Kijana mmoja nyuma akaongeza, "Fisi wakimsikia watamfuata mpaka ubaoni, bana!" Tangu siku hiyo wakamwita Binti Ngozi, na wakati wa mapumziko walipomwona walibana pua.

Jioni hiyo Nasimiyu alisimama mbele ya lori akiitazama ile ngozi. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu. Alifikiri kwamba siku moja haiwezi kuleta madhara. Akachota maji ndooni, akaimwagia ngozi kwa juu bila kuigusa, mpaka maji yakachuruzika chini ya bampa kama ya mtu aliyeosha kweli.

Thuo alitokea ghalani akijifuta jasho. "Umemaliza?"

"Tayari, Baba Kabura."

"Vizuri, mama," alisema Thuo, akaenda kula.

Kesho yake ilikuwa rahisi zaidi. Siku ya tatu hakufikiri hata kidogo. Kila jioni alimwaga ndoo moja ya maji, kila jioni Thuo aliuliza, kila jioni alijibiwa tayari. Harufu ikamtoka mikononi, na Jentrix akarudi kuketi karibu naye. Majuma matano yakapita hivyo.

Jumamosi moja asubuhi kulikuwa na arusi. Jirani yao, Mzee Barasa, alikuwa akimwoza mwanawe huko Malakisi, na Mzee Wakhungu alikuwa ameahidi lori libebe watu wa bwana arusi. Akina mama walifika mapema wamevaa vitambaa vyeupe kichwani. Kwaya ya kanisa ilikuwa tayari inaimba uani.

"Toeni hiyo ngozi," Mzee Wakhungu alisema. "Hatuwezi kwenda arusini tukinuka kama machinjio." Akazifungua kamba kwa mkono wake mwenyewe. Ngozi ikaanguka chini.

Kwaya ilinyamaza kabla ya kumaliza ubeti.

Uso wa lori ulikuwa umeharibika. Rangi ya buluu ilikuwa imevimba malengelenge. Mahali ambapo malengelenge yalipasuka palikuwa na kutu ya hudhurungi, na kutoka hapo michirizi ilishuka mpaka kwenye bampa. Mzee Wakhungu aligusa lengelenge moja kwa kidole. Likabanduka lote, likamwachia kipande cha rangi mkononi.

"Thuo!"

Thuo alikuwa amekwisha kufika. Alipapasa kutu kwa ncha za vidole. Kisha macho yake yakamwendea Nasimiyu, mara moja tu, yakarudi kwenye lori.

"Nani alikuwa anaangalia gari hili?" Mzee Wakhungu aliuliza.

"Gari liko mikononi mwangu, mzee," Thuo alisema. "Kosa ni langu."

"Miaka kumi na minne! Miaka kumi na minne nimesukuma ndizi kwa miguu, nawe umelila lori langu kwa miezi miwili! Kitale yuko dereva anaitwa Kibiwott, kila wiki ananiomba kazi. Weka funguo hapa."

Watu wote walitazama chini. Thuo aliziweka funguo juu ya boneti polepole, bila kuikwaruza rangi iliyobaki. Halafu akaenda chumbani kwake. Alipotoka alikuwa na blanketi lake limeviringishwa kwapani na kopo lake la rangi mkononi.

Nasimiyu aliona lile kopo. Alijua kwamba akinyamaza kidogo tu, Baba Kabura atafika barabarani, na mambo yatakwisha hivyo. Hakuna ambaye angejua. Watu wangeimba, wangepanda lori, na kesho dereva angekuwa mtu mwingine.

"Baba, si yeye."

"Nyamaza, watu wazima wanazungumza."

"Baba, ni mimi!" Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mimi ndiye nilipewa kufungua ngozi. Sijaifungua majuma matano. Nilikuwa ninaimwagia maji juu, ionekane imeoshwa."

Mzee Wakhungu aligeuka. "Na Baba Kabura alikuuliza?"

"Kila siku."

"Ukasema nini?"

"Nilisema tayari."

Mama mmoja wa kwaya akasonya. Jentrix, aliyekuwa amesimama na mama yake, akaziba mdomo kwa mkono. Nasimiyu alitamani ardhi ipasuke, lakini haikupasuka, basi akabaki amesimama palepale mbele yao wote.

Mzee Wakhungu alivua kofia yake, akaivaa tena. "Baba Kabura!" aliita. "Rudisha hilo blanketi ndani."

Thuo alirudi lakini hakuingia ndani. "Mzee, nilijua mambo ya chumvi, na sikuinama hata siku moja kuangalia chini ya ngozi. Hilo ni langu."

"Uliniambia habari ya ngozi nikakukatalia kwa ubishi. Hilo ni langu. Nimekutukana mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao nakuomba msamaha." Mzee alichukua funguo, akampa mkononi. "Sasa wewe, Nasimiyu. Huendi arusini. Na Jumatatu lori litalala hapa, ukitoka shule utalitengeneza pamoja na Baba Kabura mpaka yeye aseme basi."

Basi lori likaenda Malakisi na uso wake vile vile, watu wakaliona, na Mzee Wakhungu akavumilia kuulizwa.

Jumatatu Thuo alimpa Nasimiyu kipande cha msasa. "Kwangua."

Nasimiyu alikwangua kutu. Thuo akatazama, akasema, "Bado." Akakwangua tena, mpaka vidole vikamwuma. "Bado." Kisha Thuo akachukua msasa, akaanza kukwangua rangi nzuri iliyozunguka kutu.

Jentrix alikuwa amekuja kutazama. "Ai! Baba Kabura, kwa nini unatoa na ile nzuri?"

"Njoo uone, mama." Thuo aliwaonyesha. Chini ya rangi iliyoonekana nzuri, kutu ilikuwa imetambaa kama mizizi ya nyasi. "Ukipaka rangi juu ya hii, itapendeza kwa wiki tatu, halafu itavimba tena na shimo litakuwa kubwa zaidi. Tunakwangua mpaka chuma kiwe cheupe pande zote."

Jentrix aliigusa ile kutu, kisha akasema, "Nipe na mimi kipande." Nasimiyu akampa nusu ya msasa wake. Hawakuzungumza habari ya Binti Ngozi, lakini walikwangua wote wawili mpaka jua likashuka, na nywele zao zikawa nyekundu kwa vumbi la kutu.

Siku ya pili Thuo alipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Ilipokauka akapaka ya buluu, tabaka la kwanza jembamba, la pili jembamba. Nasimiyu hakuwahi kuona mkono mtulivu namna ile. Brashi ilikwenda na kurudi bila kuacha alama, na mahali pa zamani na pa kiraka pakaungana hata akashindwa kujua mpaka wake. Thuo akaleta waya wa matundu kutoka Kitale, akaufunga mbele kwa namna ambayo haugusi chuma. Akakata vipande vya gurudumu kuukuu, akavining'iniza nyuma ya kila tairi ili mawe yasiruke kugonga ubavu. Mwisho akachemsha nta, akamkabidhi Nasimiyu kopo na kitambaa.

"Kila jioni?" aliuliza, kama alivyouliza mara ya kwanza.

"Kila jioni," Nasimiyu alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

Mvua ziliendelea. Lori lilikwenda Kitale na kurudi, limejaa matope mpaka kwenye milango, na likioshwa linatoka buluu ile ile. Siku moja mwalimu aliwachelewesha darasa zima kwa sababu ya hesabu, na Nasimiyu alipofika nyumbani giza lilikuwa linakaribia. Thuo alikuwa ameketi na Mzee Wakhungu barazani, wanakunywa chai.

"Umemaliza?" Thuo aliuliza.

Nasimiyu alitazama lori, akatazama kikombe cha Baba Kabura. "Hapana. Sijagusa. Nimechelewa kutoka shule."

Mzee Wakhungu akakunja uso, akataka kusema neno. Lakini Thuo alikuwa amekwisha kuinuka. Alitwaa kopo la nta, akaanza kupaka uso wa lori yeye mwenyewe, akipapasa kwa vidole vya mkono wa pili.

"Leo umenisaidia sana," alisema.

"Lakini sijafanya kitu, Baba Kabura."

"Umeniambia kwamba haijafanywa. Sasa sikiliza, mama. Kazi usiyoifanya ukaniambia, nitaifanya mimi. Nikichoka, baba yako ataifanya. Lakini kazi ambayo umeniambia imekwisha, na haijaisha, nani ataifanya? Hakuna. Itakaa pale peke yake, na kutu italala juu yake kila usiku. Nenda ukale."

Nasimiyu hakwenda kula. Alichukua kitambaa cha pili, akapita upande wa kushoto wa boneti, akaanza kupangusa.