Gitaa la Mkwaju

Uzi wa nne ulikataa kukaa sawa. Kila asubuhi Elie aliukaza mpaka utoe noti ya mi, akaliweka gitaa, na kila ilipofika saa sita mchana aliukuta umeshuka. Uzi kulegea si ajabu katika joto la Kakuma. Kilichomsumbua ni kwamba ulishuka mpaka mahali pamoja tu, chini kidogo ya re, siku zote, wala haukupita hapo. Alibadilisha uzi. Akabadilisha na ufunguo wa kuukazia. Ule mpya nao ulishuka palepale.

"Ni jua," alisema mkewe Sylviane, bila kuinua macho kutoka kwenye sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akitwanga. "Hapa hata sufuria inapinda."

"Jua halina masikio, Mama Félicité. Hiki kitu kinashuka kwa kipimo."

Elie alikuwa ametoka Uvira, Kongo, miaka tisa nyuma, na katika vyote alivyoviacha hakukuwa na kitu alichokililia kama gitaa lake la besi. Kakuma, katika kambi ya wakimbizi, alipata jingine, la mbao za kubandikwa, akalitunza kuliko viatu vyake. Kila alipomaliza kupiga alizifuta nyuzi moja moja kwa kipande cha fulana ya pamba. Kila miezi miwili alizivua akazichemsha kwa maji na tone la siki ili mlio wake urudi, na Sylviane akalalamika kwamba wali umeanza kunuka chuma. Shingo aliipaka mafuta ya kitani. Ndani ya begi aliweka kopo la sabuni lililotobolewa matundu, lenye sponji mbichi, maana ukavu wa Turkana hupasua mbao. Hata hivyo mbao zilipasuka. Ndipo alipolipeleka Lodwar kwa seremala mmoja aitwaye Losike, naye akalichongea mwili mpya wa mkwaju, mzito, mweusi katikati.

Siku alipolichomeka kwenye ampu ya kukuza sauti kwa mara ya kwanza, Elie alicheka peke yake. Noti ilianza kavu, ikanenepa, ikakaa hewani muda mrefu kuliko alivyoipiga.

Aliyefurahi zaidi alikuwa Félicité, binti yao wa pekee, mwenye miaka saba. Félicité alikuwa kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio kabla hajatamka neno la kwanza, na tangu hapo besi ndiyo sauti pekee iliyomfikia. Alilaza shavu kwenye mbao baba yake akipiga, akafumba macho, akatabasamu. Elie hakuwahi kumwambia mtu, lakini hakuna kanisa wala harusi aliyowahi kuipigia kwa moyo kama alivyompigia mtoto huyo sebuleni.

Wiki ya tatu ya kusumbuana na ule uzi, nyumba ilianza kunuka matope. Si vumbi lililomwagiwa maji, bali matope ya mto, mazito, yenye majani yaliyooza. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi minne. Elie alifuata harufu mpaka kwenye begi. Sponji ilikuwa imekauka kabisa, lakini mbao ya gitaa ilikuwa na jasho. Aliifuta, na matone mengine yakatoka mbele ya macho yake.

Jumamosi alasiri, kwaya ilipokuwa ikifanya mazoezi, jenereta ya kanisa ilizimika katikati ya wimbo. Kinanda kikanyamaza, vipaza sauti vikanyamaza, waimbaji wakacheka na kuanza kujipepea. Besi haikunyamaza.

Jean, kiongozi wa kwaya, alisogea karibu na Elie. "Ndugu Elie, acha kwanza."

"Sipigi."

"Zima hiyo ampu."

"Imezimika, Jean," Elie alinong'ona, akainua mikono yote miwili juu ili wenzake waione. "Tazama taa yake."

Taa ilikuwa imekufa, na bado ile noti moja, ile ya chini kidogo ya re, ilikuwa ikitoka kwenye mbao iliyoegemea tumbo lake, ikipita kwenye mbavu zake na kwenye sakafu mpaka miguuni mwa waimbaji, na akina mama waliokuwa wakicheka walishika vifua vyao mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mioyo yao ilikuwa imeacha mwendo wake na kuanza kufuata mwendo wa ile noti. Ilikaa kiasi cha mtu kusoma Baba Yetu. Kisha ikakatika, na hakuna aliyetaka kuendelea na mazoezi.

Jumatatu yake, mchana, Akai alipita na mzigo wa kuni. Alikuwa mama wa Kiturkana aliyekuwa akibadilishana na Sylviane kuni kwa unga, na walikuwa wamezoeana.

"Ejok, Mama Félicité."

"Ejok, Akai. Weka hapo kivulini."

Félicité alikuwa amekaa mlangoni, amelipa jua mgongo, anavuma. Sylviane alidhani ni pikipiki inayopita. Alipogundua kwamba sauti ile ya chini inatoka kwenye kifua cha mwanawe, kifua chembamba kisichoweza kubeba sauti ya mtu mzima, alimkimbilia. Kisha mtoto ambaye hajawahi kusema neno lolote akafungua mdomo na kusema, polepole, kwa sauti ya mwanamume. Hakikuwa Kiswahili wala Kifaransa.

Akai alirudi nyuma hatua mbili. "Nani alifundisha huyu mtoto Kiturkana?"

"Hasikii, Akai. Unajua hasikii. Anasema nini?"

"Anauliza." Akai alikuwa tayari ameanza kuondoka, kuni zake ameziacha chini. "Anauliza, nani alinikata?"

Tangu siku hiyo hali ilikuwa ileile kila mchana. Saa sita ikifika, mtoto alikuwa baridi kama mtungi, akavuma, akauliza swali lake, kisha akanywa maji mpaka ndoo ikaisha. Chakula alikikataa. Mbavu zake zilianza kuhesabika. Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa, wakaomba siku tatu mfululizo huku wameshikana mikono, na siku ya tatu mchungaji mwenyewe alitoka nje akijifuta macho, akamwambia Elie kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, ninaomba, lakini naona kama ninaongea na mtu aliyenipa mgongo."

Elie alizivua nyuzi zote. Akatoa shingo, akatoa pikapu inayonasa sauti, akafungua daraja la nyuzi skrubu moja moja, akavipanga vitu vyote juu ya kitambaa jinsi alivyozoea kufanya siku za usafi. Ubao mtupu uliobaki bado ulitoa ile noti. Basi akachukua panga, akaulaza ule ubao uani, akainua mkono, na kwa hofu jina la mwanawe likamtoka, si kwa kuita, ni kwa pumzi tu: "Félicité."

Mtoto alikuwa amesimama mbali, karibu na uzio, amempa mgongo. Aligeuka.

Elie alishusha panga taratibu. Akamwita tena, kwa kunong'ona. Mtoto akatikisa kichwa kuitikia.

"Papa Félicité, kata," alisema Sylviane kutoka mlangoni. Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Nimeona. Kata tu."

Hakuweza. Sylviane alimnyang'anya panga, akaupiga ubao mwenyewe kwa nguvu zake zote, na panga likadunda likatoka mkononi, ubao usipate hata mkwaruzo.

Waliomba kibali cha kusafiri, wakakipata baada ya siku nne, wakapanda gari la asubuhi kwenda Lodwar, ubao umefungwa kwenye blanketi, Félicité amelala mapajani kwa mama yake, mwepesi kama nguo.

Karakana ya Losike ilikuwa wazi lakini kimya. Losike alikaa juu ya gogo, mikono imelegea. Elie alimsalimu mara mbili. Mkewe Losike, Emanikor, ndiye aliyeitikia kutoka ndani.

"Yeye hasikii," alisema, akitoka huku akipangusa mikono. "Tangu alimaliza kazi yako. Siku ile alipiga randa mara ya mwisho, akaniuliza kwa nini nimenyamaza. Mimi nilikuwa naongea."

Losike alipoona blanketi alijifunika uso. Emanikor akaeleza yote. Mto Turkwel ulipofurika ulikuwa umeng'oa mkwaju mkubwa kwenye ukingo, mkwaju ambao wazee hawakuruhusu mtu hata kuchuma tunda lake, kwa sababu ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo si mtu. Jini la mto, watu walisema. Losike aliona mbao nzuri imelala bure. Akachukua kipande.

"Yuko mama mmoja, Nangiro," alisema Emanikor. "Anaweza kuongea na hiyo kitu. Lakini ni mchana tu, jua likiwa katikati."

Nangiro alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shanga shingoni na simu mkononi. Hakuuliza mambo mengi. Aliuweka mkono juu ya ubao, akauondoa haraka, kisha akamtazama Félicité kwa muda mrefu bila kupenda alichokiona. Mchana huohuo aliwapeleka wote mtoni: Elie, Sylviane na mtoto, na Losike akiongozwa na mkewe. Mahali ulipokuwa mkwaju palibaki shimo lenye maji meusi. Nangiro alimwaga maziwa, akatupia tumbaku, akasema maneno ya Kiturkana kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ng'ombe. Kisha akamwambia Elie aweke ubao majini.

Ubao ulizama kama jiwe. Ile noti ikapanda kutoka chini ya maji, kubwa kuliko alivyowahi kuisikia, mchanga ukatetemeka chini ya nyayo zao, ndege wote wakaruka kwa pamoja kutoka kwenye miti ya ng'ambo, Losike akaanguka kwa magoti ameshika kifua, Félicité akapiga kelele moja ndefu ambayo mwanzo wake ulikuwa wa mwanamume na mwisho wake wa mtoto, kisha kila kitu kikanyamaza.

Sylviane alimkumbatia mwanawe. Mwili ulikuwa na joto. "Imekwisha?" aliuliza. "Mama, imekwisha?"

Nangiro alikuwa akitazama kivuli chake miguuni, kilivyokuwa kifupi. "Imetoka kwa mti," alisema. "Imeingia kwa mtoto yote. Nimeongea na yeye, anasema amepata nyumba nzuri. Mimi naweza kutoa, lakini lazima baba aseme. Baba akisema toka, inatoka. Itaenda na kila kitu ilileta."

"Masikio?" Elie aliuliza.

"Hayo masikio si ya mtoto wako," alisema Emanikor, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Ni ya mume wangu. Sema, baba. Sema arudishiwe."

"Na nisiposema?"

"Itakaa ndani yake," Nangiro alijibu. "Itakula chakula yake, itakua na yeye. Siku itachoka, itaondoka na yeye. Sema sasa. Jua likipita hapo katikati, mimi siwezi tena."

Elie alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Ng'ambo ya mto hua mmoja alirudi kwenye tawi, akaanza kulia. Félicité akainua kichwa kutoka kifuani kwa mama yake. Macho yake yalipanuka. Akamwonyesha baba yake kwa kidole kule sauti ilikotoka, na midomo yake, ambayo haikuwa imejifunza, ikahangaika mpaka ikapata.

"Papa," alisema. "Papa. Nini?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye mikwaruzo. Elie hakuwa ameisikia ikitamka neno kabla ya siku hiyo.

"Sema, Papa Félicité," Sylviane alimsihi, akimshika mkono. "Mi nakuomba kwa jina la Mungu. Atakufa. Sema tu."

Elie aliangalia mikono yake. Maisha yake yote alikuwa ametafuta sauti, akazisafisha, akazilinda na jua na vumbi, na sasa alitakiwa kuinyamazisha hii. Alijua lililo sawa. Alijua kama anavyojua kidole kiende wapi. Alimtazama Losike aliyekuwa bado amepiga magoti, akitazama midomo ya watu mmoja baada ya mwingine, akijaribu kuelewa ni nini kinaamuliwa. Hua aliendelea kulia. Emanikor alianza kupiga makelele, Sylviane alimweka mtoto chini akamtikisa mumewe kwa mikono miwili, na Elie alisimama mchangani na mdomo wazi, asiweze kulitoa lile neno wala kulimeza, mpaka Nangiro akainama, akaokota kibuyu chake cha maziwa, akaanza kupanda ukingo bila kuaga.

Jua lilikuwa limepita.

Félicité aliinuka kutoka mchangani. Alitembea mwenyewe, kwa hatua imara kuliko za mtoto aliyeshinda bila kula kwa siku nyingi, akamfikia baba yake na kumkumbatia kiunoni. Aliuegemeza uso wake tumboni kwake.

"Asante, Papa," ilisema sauti ya chini, ya mwanamume, kwa Kiswahili kilichonyooka.

Na Elie, kwa kuwa mtoto alikuwa wake, alimwekea mkono kichwani.