Kioo Kilichopumua

Kichwa cha plasta hakina mapafu. Mehrunnisa alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale karakanani, maana ndiye aliyekikoroga na kukimimina kwa mikono yake, ili pawe na kitu cha kuvishwa helmeti wakati wa vipimo. Kwa hiyo asubuhi ile ya Februari alipofungua chumba cha vipimo akakuta kioo cha helmeti kimeingia ukungu kwa ndani, kiduara kidogo hapo hapo inapokuwa pua ya mtu, alisimama na funguo mkononi, haendi mbele harudi nyuma. Ukungu ukafifia. Ukarudi. Ukafifia tena, taratibu, kama pumzi za mtu aliyelala.

"Unyevu tu," akajiambia. Akachukua kitambaa laini akapangusa. Kioo kilikuwa na uvuguvugu wa shavu.

Karakana ilikuwa ya Bhaskar Naithani, nyumba ya ghorofa mbili mashariki mwa Dehradun, kaskazini mwa India, na juu ya dari yake ungeiona safu nzima ya vilima vya Mussoorie. Naithani alikuwa amezeekea kwenye vioo. Uvumbuzi wake ulikuwa utando wa jelatini, mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, unaopakwa juu ya kioo cha kofia ya rubani na kuchorwa gizani kwa miale ya leza. Utando ule ulirudisha rangi moja tu, kijani, ukaiacha dunia yote nyingine ipite. Rubani aliyeivaa angeona mstari wa upeo wa macho, kimo chake na kasi yake, vikielea mbali mbele yake, hata akiwa amezama katikati ya wingu.

Wingu ndilo lililomleta Mehru, kama wote walivyomwita, pale. Adeel, mwanawe wa pekee, alikuwa rubani wa helikopta. Siku moja ya masika aliingia kwenye wingu huko Chamoli na ndani ya wingu mlikuwa na mlima. Sanduku lililetwa limepigiliwa misumari, na wakubwa waliolisindikiza wakaomba kwa upole lisifunguliwe. Akazikwa hivyo hivyo, hakuoshwa, wala mama yake hakumwona uso. Mehru alikuwa mwalimu wa kemia. Arobaini ilipokwisha hakurudi shuleni, alikwenda moja kwa moja kwa Naithani.

"Nipe kazi yoyote, Naithani-sahib," alisema. "Nataka mtoto wa mwenzangu auone mlima."

Kazi aliyopewa ilikuwa kutengeneza jelatini. Ile ya kununua ilitoa vipovu. Aliyoichemsha mwenyewe kwa mifupa ya bucha ilitoka ya njano, imejaa mafuta. Ndipo Januari, siku za majaribio zikikaribia, akashuka kwenye mto Song uliokauka, mahali watu wanapotupa mizoga ya ng'ombe na nyati waliojifia. Mifupa ilitapakaa juu ya kokoto, imeoshwa na mvua za miaka, imekaushwa na jua, myeupe pe. Bibi yake aliwahi kumwambia kwamba mfupa uliolala nyikani una wenyewe, usiuguse. Lakini Mehru alikuwa mwalimu wa kemia. Akaokota gunia zima.

Jelatini ilitoka angavu kama maji ya chemchemi. Naithani, ambaye macho yake yenyewe yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, aliinua kile kioo cha helmeti, kilichopakwa jelatini hiyo, kwenye mwanga akacheka.

"Mehru-ji, umepika au umeomba dua?"

"Nimepika."

"Basi usibadilishe sufuria!"

Baada ya ukungu, ikaja sauti. Ilikuwa mchana, Mehru yuko kwenye chumba cha giza chini ya taa nyekundu, akasikia kitu kinatafuna ndani ya kabati la kukaushia vioo. Kilitafuna polepole, kwa utulivu, kikavunja, kikafyonza. Alifungua kabati. Vioo vilikuwa vimepangwa kama alivyoviacha. Kimoja tu, kile alichokitoa kwenye helmeti asubuhi ili kikauke, kilinuka mfupa uliolowa na, chini ya harufu hiyo, mafuta ya nywele ya amla, yale aliyokuwa akijipaka Adeel tangu shuleni.

"Kabati la kukaushia lina panya?" alimuuliza Naithani wakinywa chai.

"Kabati la chuma lile, Mehru-ji. Ukimkamata panya wa kutafuna chuma, mlete, nimwajiri."

Mehru alicheka ili mzee aridhike. Kisha akarudi chumba cha vipimo na kile kioo, akafunga mlango, akakirudisha kwenye helmeti, akaivua kwenye kichwa cha plasta na kuivaa yeye.

Mstari wa kijani ukatokea, namba kando yake, kila kitu mahali pake. Na mbali, juu kabisa ya mstari, pale ambapo Naithani hakuchora kitu, alisimama mtu mdogo kama punje ya mchele. Mehru hakuhitaji kumwona uso. Mama anamjua mwanawe kwa namna anavyotupa mabega.

Hakumwambia mtu. Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Kila siku Adeel alikuwa amesogea, kwanza urefu wa kidole, halafu wa kiganja, hadi akawa anasimama hatua kumi mbele yake, amevaa sare, wa kijani mwili mzima. Alicheka, na lile jino lake la mbele lililovunjika kwenye kriketi likaonekana. Lilikuwa upande wa kushoto. La Adeel lilikuwa la kulia.

Kioo hugeuza, Mehru alijiambia. Kulia huwa kushoto, hata watoto wa darasa la tano wanajua. Lakini namba zilizokuwa zikielea kando ya uso ule zilisomeka sawasawa, hazikugeuka hata moja, na Mehru aliziona, akazitazama vizuri, kisha akaamua kutoziona.

"Ammi," Adeel alisema. Sauti haikuingia kwa masikio, iliingia kwa mfupa wa paji la uso, pale helmeti ilipobana. "Ammi, nina njaa."

Akarudi mtoni akaokota mifupa mingine. Akachemsha, akapaka utando wa pili juu ya wa kwanza, na alipokuwa akipaka kile kitu kilikuwa kikitafuna karibu na sikio lake, kwa pupa sasa, na yeye, mwanamke mzima aliyefundisha watoto wa watu miaka ishirini na saba kwamba kila jambo lina sababu yake, alisimama pale gizani chini ya taa nyekundu akitabasamu huku meno yakimgongana, kwa sababu alikuwa anaogopa kiasi cha kutaka kukimbia na alikuwa na furaha kiasi cha kushindwa kukimbia, na hajui hata leo ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomshika miguu.

Mambo yangeendelea hivyo kama Kapteni Onkar Gill asingekuja. Ndiye aliyechaguliwa kuirusha helmeti ile kwa mara ya kwanza, Singasinga mrefu mwenye vicheko vya jirani wa tatu kuvisikia. Kilemba chake alikuwa amekiacha kwenye gari, amebaki na kitambaa chembamba kichwani.

"Ammi-ji," alimwita Mehru, kama mama yake, tangu siku ile ya kwanza, bila kuomba ruhusa, "kofia hii mmeipima kwa kichwa cha nani? Cha mwenye kipara?"

"Cha plasta," Mehru alisema. "Kapteni, kioo hiki bado. Njoo wiki ijayo."

"Bado kitu gani?" Naithani aliingilia. "Nimepima jana. Ni kioo bora kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza maishani mwangu! Twendeni juu."

Walipanda darini, maana vipimo vya mwisho hufanywa kwa kulinganisha mstari wa kijani na vilima vya kweli. Siku ilikuwa nyeupe, saa tano, jua zuri. Gill alivaa helmeti akashusha kioo.

"Mstari upo," alisema. "Namba zipo. Aisee, Naithani-sahib, hii ni..." Alipoongea tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtoto. "Pinku?"

"Nani?" Naithani aliuliza.

"Pinku, toka majini. Mama atatupiga wote wawili."

Akaanza kutembea, mkono mmoja ameunyoosha, kiganja wazi, anakwenda alikoitwa, na ukingo wa dari ile ulikuwa chini ya magoti. Naithani na macho yake mabovu alidhani rubani anapima umbali. Mehru peke yake alijua, na katika hatua zile tano za Gill aliona kila kitu: wingu la Chamoli, mlima, na mama mwingine, wa Gill, kule Punjab, akiletewa sanduku lisilofunguliwa, na safari hii msumari umepigwa na yeye. Alimrukia kiunoni. Wakaanguka wote wawili kwenye saruji, kichwa cha Gill kikining'inia nje ya ukingo.

Alipovuliwa helmeti Gill alikuwa akilia na hajui kwamba analia. "Mdogo wangu," alisema. "Alizama kwenye mfereji. Nilikuwa na miaka tisa. Ammi-ji, alikuwa pale pale, ananyoosha mkono."

"Najua, mwanangu," Mehru alisema. "Nimejua siku zote hizi. Nisamehe."

Jioni ile alikwenda kwa Bi Hashmat, mwosha maiti wa mtaa wao, ajuza mkavu aliyesifika pia kwa kusoma visomo. Alimweleza yote, hakuficha hata jino. Bi Hashmat alisikiliza huku akichambua dengu.

"Mifupa ile ilichinjwa kwa jina la Mungu?"

"Walijifia tu, khala."

"Basi ilikuwa riziki ya majini wasio waumini. Mfupa ni chakula chao, hukufundishwa? Umewaibia sahani, ukawapikia mchuzi, ukawapakia kwenye kioo. Wewe ndiye uliyewakaribisha mezani, halafu unauliza mgeni katoka wapi!" Akasukuma ungo pembeni. Sauti ikashuka. "Na mgeni huyo ana adabu mbaya. Akikaa mezani huvaa uso wa yule unayemtaka, ili usimwambie ondoka. Ulijua si yeye?"

"Nilijua," Mehru alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu jino."

Bi Hashmat hakumkaripia. Alimshika mkono tu, akaushikilia.

Asubuhi walikwenda karakanani pamoja. Naithani alikuwa ameshaelezwa na Gill, na alikaa mlangoni ameinama; kile kilikuwa kioo chake bora. "Kioshwe," alisema hatimaye. "Kilichotaka kumwua mtu si kioo."

Jelatini haivumilii maji ya moto. Bi Hashmat alitaka beseni, majani ya mkunazi na kafuri, akakilaza kioo juu ya shuka nyeupe kama anavyolaza watu wake. "Mimi nitasoma," alisema. "Utakayeosha ni wewe. Upande wa kulia kwanza. Mara tatu. Lolote atakalosema, mkono usisimame."

Maji ya kwanza yalipomwagika kioo kilipiga kelele, sauti nyembamba ya chungu kinachopata ufa. Harufu ya mizoga ikajaa chumba, Naithani akatoka mbio kutapika. Kisha ikaja ya amla, tamu, ya kichwa cha mtoto aliyetoka kuchanwa.

"Ammi," ilisema ile sauti katika mifupa ya mikono yake. "Ammi, maji ya moto."

Mkono wa Mehru haukusimama. Bi Hashmat alikuwa akisoma bila kupumzika.

"Ammi, ni mimi. Muulize yeyote. Wakati ule hukuniosha, hukunifunua hata uso, uliwaachia watu wanifukie kama nilivyo, na nimekungoja kwenye wingu lile nikiita, na sasa nimekuja mwenyewe hadi mkononi mwako, ndiyo unaniosha ili niondoke?"

Machozi ya Mehru yalidondoka ndani ya beseni. "Wewe si wangu," alisema. "Lakini nakuosha kama wangu. Nenda."

Maji ya tatu, yale ya kafuri, yakamwagika. Utando ukajikunja kama ngozi ya maziwa, ukaachia kioo, ukayeyuka. Kitu kikapita chumbani, kikazima taa na kufungua mlango kwa kishindo, na huko nje mbwa wa mtaa mzima wakabweka kuelekea mtoni. Kwenye shuka kilibaki kipande cha kioo kitupu. Mehru alikiviringa ndani ya shuka ile, pande zote, akafunga kichwani na miguuni. Walikizika Song, pamoja na mifupa yote iliyosalia, na Bi Hashmat akawaomba radhi wenyewe.

Ilichukua miezi minane kupata jelatini nyingine. Safari hii Mehru alitumia mifupa ya bucha, akaengua mafuta mara saba, akianza kila sufuria kwa bismillahi. Oktoba, Kapteni Gill aliruka na helmeti mpya, akaingia kwa makusudi ndani ya wingu juu ya milima, akakaa humo dakika kumi na moja, akatoka.

"Enhe, uliona nini?" Naithani alimuuliza kabla hajashuka vizuri.

"Mstari na namba. Kote kweupe. Halafu mlima, pale pale mstari uliposema."

"Hukuona mtu?" Mehru aliuliza.

Gill alishughulika na mkanda wa kidevuni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hakuna mtu, Ammi-ji."

"Alhamdulillahi," Mehru alisema, na alimaanisha. Naithani alikuwa tayari anafungua boksi la laddu, vile vitamu vya sherehe, anacheka na kulia, anamlisha kila aliyepita. Mehru aliichukua helmeti ili aipanguse. Aliingia chumba cha vipimo, akafunga mlango, akaivaa, akasimama akiutazama ukuta mweupe juu ya mstari, pale alipokuwa akitokea Adeel, hadi walipomwita mara ya tatu aje ale laddu.