Uvimbe wa Zaida Ulikuwa Kulia

Mwaka 1970 tuliishi porini, karibu na Pundanhar, kaskazini mwa Msumbiji. Ndege za Wareno zilitufukuza kutoka pwani, tukaacha nyavu tukashika majembe. Asubuhi tunalima, ndege zikisikika tunajificha. Tulizoea.

Mwanangu Zaida alikuwa na miaka kumi na moja. Aliugua koo na homa siku nne. Homa ikashuka, tumbo likaanza kumuuma. Nikampapasa. Chini ya mbavu palikuwa na uvimbe wa mviringo, mkubwa kama yai la bata.

Niliogopa sana. Mume wangu alikuwa mbali, amewabebea wapiganaji wa uhuru mizigo. Nikamwita dada yake, wifi yangu Biubwa. Kwa bandama yeye ndiye bingwa wetu. Amechanja nusu ya kijiji kwa wembe wake, na hachoki kukusimulia.

"Bandama hilo," akasema. "Nitalikanda kwa jiwe la moto, kisha nimchanje. Maji asinywe."

"Mama, nina kiu," Zaida akaniambia.

Jiwe lilikuwa motoni tayari. Wifi yangu si mtu wa kubishiwa, lakini siku ile nilibisha. Nilimbeba mwanangu mgongoni mpaka kwa Luísa, muuguzi wa zahanati yetu ya nyasi. Biubwa akanifuata, wembe mkononi, mdomo haupumziki.

Luísa alimtazama Zaida macho, akampima homa, akampapasa taratibu.

"Mama Zaida, bandama liko upande gani?"

"Kushoto," Biubwa akadakia.

"Na uvimbe huu?"

Wifi akainama kutazama. Uvimbe ulikuwa kulia.

"Shangazi, ukichinja kuku, nyongo unaitoaje?"

"Polepole. Ikipasuka, nyama yote inakuwa chungu."

"Basi hata mtu ana mfuko wa nyongo, hapa chini ya ini. Mara chache sana, mtoto akitoka kwenye homa, mfuko huo hujaa maji ukavimba. Nilipokuwa nasoma Mtwara niliona mtoto wa hivi. Daktari hakumpasua. Uvimbe ulinywea wenyewe. Lakini ukiukanda unaweza kupasuka, na mtoto akafa."

Nikakaa chini.

"Sasa tufanye nini?" nikauliza.

"Alale hapa, apumzike. Anywe maji kidogo kidogo, mara nyingi. Ale uji mwepesi, asile mafuta. Nitampima kila siku. Homa ikipanda, macho yakiwa ya njano, tumbo likikakamaa au akitapika mfululizo, tunambeba kwa machela, tunavuka Ruvuma kwenda hospitali. Hata ndege zikipita."

"Una hakika, binti?" Biubwa akauliza.

"Nina hakika hakandwi wala hachanjwi."

Siku ya tatu uvimbe ulikuwa vilevile. Biubwa alinisema mpaka nikalia. Nilimpa Zaida maji, nikangoja. Siku ya sita ulipungua. Siku ya kumi na moja Luísa alimpapasa, kisha akamwita wifi.

"Weka mkono, shangazi. Taratibu."

Biubwa alitafuta, hakukuta kitu. Zaida akacheka, anatekenywa. Wifi akavuta mkono wake, akautazama.

"Ningemuua," akasema. "Mtoto wa kaka yangu."

Nilimkumbatia, tukalia pamoja.

Tangu siku ile, mama akimletea Biubwa mtoto mwenye uvimbe tumboni, hata hamvui nguo. Anajifunga kanga yake vizuri, anawaambia, "Haya, twendeni kwa Luísa."