Mawaridi ya Kitanda cha Nne

Kila jioni, taa zikishawashwa, kazi ya Enid ilikuwa kuyatoa maua wodini. Sista, nesi mkuu wa wodi, aliamini kwamba maua huwanyang'anya wagonjwa hewa usiku, na katika hospitali ile ndogo ya wilaya neno la Sista halikuwa na rufaa. Enid hakulalamika. Mama yake alilazwa kitanda cha tisa, anapona nimonia, na huo ndio ulikuwa wasaa wa kumpapasa paji la uso bila kuambiwa ana upendeleo.

Jioni hiyo Beryl alimwahi mlangoni. Walianza unesi siku moja, wakagawana mgao wa sukari na hata viatu. Mama yake Beryl alikuwa kitanda cha nne, anaumwa ini vibaya.

"Leo nakusaidia, mwenzangu. Miguu yako imevimba."

"Umekuwa malaika lini wewe?"

Beryl akatangulia ndani.

Wakatoa jagi baada ya jagi. Enid alipofika kitanda cha tisa, akasimama.

Mawaridi. Mekundu na meupe, pamoja.

Damu na bandeji... Kila nesi anajua: rangi hizo mbili haziwekwi jagi moja. Kitanda yalipo, mwenyewe haoni asubuhi. Na haikuwa siku ya wageni.

Uani ikalia kengele ya gari la wagonjwa.

Wilaya nzima ilikuwa na gari moja, na mchana Enid aliliona limeinuliwa juu ya matofali, halina magurudumu.

Harufu ya lizoli, dawa ya kupigia deki, ikaingia, na nyuma yake harufu ya udongo mbichi. Kisha hatua... taratibu... za watu wawili. Makoti meusi, machela ya turubai. Nyuso zao hazikushika mwanga.

"Mwenye maua," mmoja akanong'ona.

Enid akalinyakua jagi, akachelewa. Walishampita. Ndipo akayaona matone ya maji sakafuni, yamefuatana kutoka kitanda cha nne hadi cha tisa.

"Beryl... umefanya nini?"

"Mama ana wadogo zangu watatu nyumbani." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wako ana wewe tu, na wewe ni mtu mzima. Nisamehe."

Wale wawili hawakubeba chochote cha kuonekana. Lakini turubai ya machela ilibonyea.

Paji la uso la mama lilikuwa baridi.

Daktari aliandika kwamba kilichomuua ni moyo. Mazishini Beryl alilia kuliko ndugu wote, akamshika Enid mkono, na Enid akauacha ushikwe. Kifo ni cha Mungu, angekivumilia. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na hilo lilimchoma kila alipovaa viatu walivyokuwa wakiazimana.

Jumatatu alirudi kazini. Taa zikawashwa. Beryl alikuwa ameshuka kula. Enid akatoa majagi yote, moja moja, hadi kitanda cha nne.

Yalikuwa yamerudi. Mekundu na meupe, yanadondosha maji.

Mama yake Beryl akatabasamu. "Mazuri, eti? Umeniletea wewe, mwanangu?"

Enid akamfunika mabega vizuri.

"Hapana, mama. Yalikuwa yako tangu mwanzo."

Akayaacha pale pale, akatoka na kuufunga mlango. Uani kengele ilikuwa imeanza kulia.