Binti wa Kila Alasiri

Mlinzi wa lango la makao ya wazee alikigeuza kitambulisho cha mkaguzi mbele na nyuma, akamtazama mwenyewe usoni, akakirudia tena. "Samahani mama, sijawahi kukuona hapa, na mimi sura hazinipotei," akasema, ndipo akafungua. Hilo halikuwa na ubaya. Ubaya ulianza barazani. Mhudumu mmoja mnene, ambaye wenzake walimwita Mashine kwa kuwa alifanya kazi za watu watatu, aliinua kichwa kwenye ndoo ya kudekia, akacheka.

"Dada! Umesahau nini tena? Si umetuaga jana tu?"

Duniani wawili wawili, mkaguzi alijiambia. "Mimi natoka wizarani," akasema. "Nimekuja kukagua huduma za wazee."

"Ati nini! Siku zote hizo unamwogesha mama yako humu, kumbe wewe ndiye mkaguzi? Haki ya nani, we dada una siri!"

Mkaguzi alikifumbata kitambulisho chake. Ni kweli mama yake alikuwa mle ndani. Lakini yeye mguu wake haukuwa umekanyaga pale tangu siku aliyomleta.

Tusimsingizie. Alimleta kwa machozi ya kweli, nyumba yake ndogo, watoto wanasoma, mume amenuna. "Nitakuja Ijumaa, mama," alisema. Ijumaa ikaingia kikao. Ijumaa iliyofuata mtoto akaumwa. Baadaye hata sababu hazikuhitajika, maana aibu ilishakuwa kubwa kuliko hamu, na mtu akikaa sana bila kuja huwa hajui aanzie wapi kuja. Ofisini aliwaambia mama yuko kwa kaka yake. Kaka mwenyewe hana! Zamu ya makao yale ilipomwangukia, alishindwa kukataa bila kutoa maelezo, na moyoni kulikuwa na jambo moja alilolitaka: apige magoti kando ya kitanda, aombe radhi ya mama kabla kifo hakijamtangulia. Kazi alikuwa nayo, cheo alikuwa nacho. Radhi hakuwa nayo, na usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu kwa ajili hiyo.

Kazi aliijua lakini. Makao yanayongoja mkaguzi hupaka rangi kuta, na yeye haangalii kuta. Hufunua shuka akatazama visigino na mgongo, kwa sababu mzee asiyegeuzwa huoza upande aliolalia. Hutazama kikombe cha maji kiko wapi, na mkono wa mwenye kiu unaishia wapi.

"Wazee wetu tunawaenzi," alisema msimamizi wa makao, anatangulia ukumbini na marashi yake. "Hapa ni kama nyumbani."

Kitanda cha kwanza, kikombe kilikuwa juu ya kabati, na babu alikuwa akikitazama tu. Cha pili, shuka lilikuwa limegandana na kidonda. Cha tatu, bibi mmoja alimshika mkaguzi mkono akamwomba, kwa sauti ya chini kama mwizi, amgeuze upande mmoja tu, upande wowote ule. Nyumbani, kweli! Nyumbani kwa nani?

Kisha wakafika kitanda cha mwisho, na msimamizi akatabasamu meno yote. "Huyu sasa, tazama mwenyewe."

Mama yake alikuwa amesukwa nywele mistari minne iliyonyooka. Kucha zimekatwa. Mkaguzi alifunua shuka, akaona visigino laini, mgongo msafi unaong'aa mafuta, bila alama hata moja. Mama akafumbua macho.

"Leo umewahi," akasema. Halafu akaitazama mikono iliyoshika shuka, akaitazama kwa muda, na tabasamu likamwisha. "Aa. Kumbe ni wewe."

Msimamizi aliitwa simuni, wakabaki wawili. Mkaguzi akainama. "Mama, nani anakuja hapa kwa sura yangu?"

"Punguza sauti. Wenzangu wakisikia watamtaka na wao." Mama alijiweka sawa kwenye mto. "Nilikuwa naita. Kila jua likilegea, naita mwanangu, mwanangu, ukuta unanitazama. Siku moja akabisha hodi. Nilijua si wewe, mimi si mjinga. Wewe huna mikono ya subira. Nikamwuliza, we nani? Akaniambia, 'Nilikuwa napita, nikasikia mtu anaita na hakuna anayemwitikia. Nikaitika.'"

"Mama, hilo ni jini!"

"Kwani nimesema ni padri?"

"Nitawafungia makao haya. Nitaandika kila nilichokiona, wafungiwe!"

"Fungia. Na sisi utatupeleka wapi? Kwako?"

Mkaguzi alirudisha shuka juu ya miguu ya mama. Mama akaligeukia dirisha na kusema, bila hasira, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ndipo alasiri ikaanza kulegea, na kitu cha kwanza kuingia kilikuwa harufu, harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa mvua, ilhali nje jua lilikuwa kali na vumbi limetanda. Wagonjwa wote ukumbini wakaacha kuguna kwa pamoja. Kwenye ujia zikasikika ndara, moja ikiburuta kidogo, vile vile anavyoburuta yeye mguu wa kushoto tangu alipoteguka utotoni, zikaja bila haraka hadi mlangoni, zikasimama, akakohoa mtu kikohozi kidogo cha adabu ambacho ni chake yeye, hukohoa hivyo akiingia kwa wakubwa, na sauti yake mwenyewe, sauti ambayo muda huo huo ilikuwa imemkauka kooni, ikasema kule nje, "Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu," mama akaitikia, na uso wake ukachangamka kama wa msichana.

Aliingia na beseni na kitambaa begani. Uso ulikuwa ule ule, ila wa mtu anayelala vizuri. Hakushtuka kumwona mwenzake. Aliweka beseni, akaingiza mikono yote miwili hadi viwikoni, na maji hayakutikisika hata kidogo, yalikaa yametulia kama kioo huku kitambaa kikitoka kimelowa, kikapita shingoni, kikapita makwapani, kikapita katikati ya vidole kimoja kimoja, na mama amefumba macho akiimba kwa pua wimbo ambao mkaguzi aliimbiwa akiwa mdogo na alikuwa ameshausahau.

"Mshikilie mgongoni," yule kiumbe akamwambia bila kumtazama, vile mtu anavyomwagiza msaidizi mgeni. "Taratibu. Huumia bega la kulia."

Mkaguzi hakujua kwamba mama yake huumia bega. Hilo lilimchoma kuliko hofu yenyewe, naye akatoka mbio hadi barazani akamshika Mashine mkono, akamweleza kwa mnong'ono kila kitu, hata yale ya Ijumaa. Mashine alikaa chini juu ya sakafu mbichi. "Mungu wangu," akasema. "Na mimi humwachia hadi sabuni." Halafu, akilia, akasema ana mjomba wake mganga, mtu wa kweli, si wa vibao vya barabarani.

Mganga alikuja kesho yake mchana, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na chetezo ndani ya mfuko wa plastiki. Msimamizi hakutaka kujua lolote, alijifungia ofisini. Alasiri harufu ya mvua ilipoingia, mganga hakukimbia wala hakupiga kelele. Alimngoja yule kiumbe aweke beseni, akamsalimu, akaitikiwa vizuri tu.

"Nani alikupa ruhusa ya kukaa na bibi huyu?" mganga akauliza.

"Yeye mwenyewe."

"Unataka nini kwake? Damu?"

"Sina haja ya damu."

Mganga akamgeukia mama. "Bibi, niambie ukweli nijue pa kushika. Amekuomba nini?"

Mama alisita. Kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya. "Aliomba radhi," akasema. "Nikampa."

"Radhi yangu mimi?" Mkaguzi alipiga magoti pale pale, kwenye sakafu yenye maji. "Mama, nimeijia hiyo! Nisamehe, mama, nimeijia hiyo tu!"

"Ilikaa hapa mwanangu, ilikaa muda mrefu, mwenyewe haji kuichukua. Nilikuwa nakwisha. Ningekufa nayo ingemfaa nani?" Mama alinyoosha mkono wake uliopakwa mafuta, akamgusa shavu, na mkono ulikuwa wa huruma. Huruma tu. "Nimekusamehe zamani. Lakini radhi ni moja, na nimeshaitoa."

Mganga alivua miwani akaifuta. Alisema polepole kwamba yeye ana neno moja tu, alilorithi kwa baba yake, na hana jingine: asiye na haki na mwenye nyumba, na hapa mwenye nyumba ni bibi, atoke. Halichagui jini wala binadamu. "Nikilisema, halirudi," akamwambia mkaguzi. "Niliseme?"

"Liseme," mkaguzi akajibu, kwa kuwa alizaliwa na yule mama, alinyonya maziwa yake, na hakuna haki inayozidi hiyo. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Mganga akatupa ubani kwenye makaa, moshi ukapanda wima hadi darini kisha ukainama, ukamzunguka yule mwenye beseni bila kumgusa, ukakikwepa kitanda, ukamjia mkaguzi usoni, ukamwingia puani na kooni na machoni, na miguu yake ikaanza kwenda bila yeye kuituma, ikarudi kinyumenyume kupita kitanda cha tatu na cha pili na cha kwanza, akijishika kwenye vyuma vya vitanda na vyuma vikimponyoka, akiliita jina la Mungu na jina la mama yake, akimsikia Mashine mlangoni analia "Mjomba, siye huyo, siye huyo!" na sauti ya mganga iliyochoka ikijibu kwamba neno limeshatoka, hadi baraza ikampita, ua ukampita, lango likafungwa mbele ya pua yake.

Alilisukuma. Mikono haikufika kwenye chuma, ilikomea hewani. Mlinzi alichungulia kwenye tundu.

"Nifungulie! Nimeingia jana na leo, unanijua! Mama yangu yumo ndani!"

"Bibi wa kitanda cha mwisho?" Mlinzi alimtazama kwa upole. "Mtoto wake yuko naye, mama. Wewe ni nani wake?"

Kutoka pale barabarani dirisha lilionekana. Alijiona mwenyewe akimfumua mama nywele, taratibu, akimpumzisha kichwa kifuani. Mama alikuwa anacheka.

"Mama!" akaita. "Mama! Mama!"

Hakuna aliyegeuka. Aliita hadi sauti ikapasuka, jua likilegea juu ya ukuta, barabara tupu nyuma yake, na hakuna aliyemwitikia. Kisha akasikia harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa mvua. Haikutoka ndani. Ilitoka nyuma ya shingo yake, karibu kabisa, na sauti ya mama yake, ile ya zamani, ya kabla ya makao na kabla ya Ijumaa zote, ikasema kwa mnong'ono:

"Abee, mwanangu. Nipo."

Alijua hapaswi kugeuka. Lakini alikuwa na hamu mno ya kuitwa hivyo, akageuka.