Gari Lililovuta Kushoto

Asubuhi ile nilikuwa nimepiga magoti barazani, naitia mafuta cherehani ya shangazi. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kila Jumamosi. Shangazi Kulusumu ni mshonaji, na hapa Busia watu wanaijua nyumba yetu kwa cherehani yake. Alinifundisha mwenyewe: shika kikopo chenye mdomo mrefu, tafuta vile vitundu vidogo, kila kitundu tone moja. Cherehani ikilia, sikiliza inalia wapi, utie mafuta hapo hapo.

"Hajarah, umemaliza?" aliita kutoka ndani.

"Bado kidogo, shangazi."

"Fanya haraka, baba yako hangoji mtu. Na hizo gauni za Tororo usizikunje kama unafunga samaki!"

Pikapu ya baba ilikuwa uani, imeshapakiwa magunia ya simsim, yaani ufuta. Mwaka huu wa 1955 pikapu ni chache sana mjini kwetu, kwa hiyo kila mtu anaijua ya baba, na kila mtu anaisikia. Wiki hiyo gurudumu la mbele, upande wa dereva, lilipiga kelele kila breki ikishikwa. Lilikuwa kama mbuzi anayefungwa kamba. Wenye maduka walishaanza kumtania: "Zubairi, leo unachinja?" Baba hakucheka hata siku moja.

Niliangalia kikopo mkononi, nikaangalia gurudumu. Uani hapakuwa na mtu. Nilichuchumaa, nikachungulia kwenye nafasi za ringi, na kweli, ndani kulikuwa na kitundu cha mviringo, kama kile cha cherehani kabisa. Niliingiza mdomo wa kikopo nikabonyeza. Gurudumu ni kubwa, nikafikiri tone moja halitatosha. Nilibonyeza mpaka kikopo kikaisha.

Sikumwambia mtu. Mimi si msemaji. Darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua, bado nakaa kimya nikiangalia meza. Nilitaka breki ishikwe, baba asisikie kelele, ashangae mwenyewe. Halafu ndipo ningesema.

Nilipotoka tena na gauni za shangazi, nilimkuta baba amesimama wima nyuma ya pikapu, anamtazama Osire, dereva wake. Osire alikuwa ameinama kwenye gurudumu la mbele, ana spana, mikono myeusi kwa grisi.

"Unafanya nini hapo?" baba aliuliza.

"Nakaza nati, Mzee. Stelingi nacheza tangu Jumatano, tangu tupite ile matope ya mtoni."

"Nani kakwambia ukaze?"

"Hapana mtu, Mzee. Mikono yangu nasikia."

Baba aliendelea kumtazama vile mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Mimi nilijua kwa nini. Alhamisi Osire aliomba ruhusa ya siku nne aende Kiyeyi kwenye matanga ya kaka yake. Baba alikataa, kwa kuwa simsim ilikuwa inangojwa Tororo. Osire alisema, "Sawa, Mzee," akaondoka. Usiku ule nilimsikia baba akimwambia shangazi, "Mtu akikasirika akapiga kelele, namwelewa. Huyu kasema sawa tu. Ile sawa yake siipendi."

Tulipanda. Mimi nilikaa katikati, gauni mapajani. Barabara ya udongo mwekundu ilikuwa imekauka baada ya mvua. Tulipokwenda polepole gari lilitulia. Osire alipoongeza mwendo tu, usukani ulianza kutetemeka mpaka mikono yake ikawa inatikisika pamoja nao.

"Ona, Mzee. Namna hii."

"Naona," baba alisema. Lakini hakuwa anaangalia usukani. Alikuwa anaangalia uso wa Osire.

Tulipofika upande wa Kwapa kuna mteremko mrefu. Chini yake, pembeni kushoto, mwanamume mmoja alikuwa anaendesha baiskeli, mke wake amekaa nyuma na mtoto mgongoni. Osire alikanyaga breki. Hakukuwa na kelele. Nilifurahi, naapa nilifurahi. Kisha gari lilivuta kushoto kwa nguvu, kama mtu kalishika sikio. Osire alizungusha usukani kwa mikono miwili, anasema maneno ya kwao ambayo siyajui. Baba alisema, "Lailaha illallah!" Tulisimama gurudumu moja likiwa mtaroni. Kati ya pikapu na ile baiskeli pangepita mkono wangu tu.

Yule mwanamume alianza kupiga kelele. "Mnataka kuniua? Mjane wangu nani atamlisha?"

"Mbona unaniita mjane na mimi nimekaa nyuma yako?" mke wake alimjibu. "Ungekufa wewe peke yako?" Alimvuta mtoto mbele akamkumbatia, wakaenda zao kwa miguu, baiskeli wakiisukuma.

Baba alishuka.

"Toka, Osire."

Osire alitoka.

"Jana breki zilishika. Leo asubuhi nimekukuta na spana kwenye gurudumu. Sasa breki zimekataa. Ulitaka nini? Ulitaka kwenda matanga, au ulitaka matanga yaje kwangu?"

"Mzee, mimi pia niko ndani ya gari. Naweza jiua mwenyewe?"

"Labda ulipanga kuruka."

Osire aliweka ufunguo juu ya boneti, taratibu, kana kwamba ni yai. Kisha alinigeukia mimi.

"Mtoto ya Mzee, umeumia?"

Nilitikisa kichwa kwamba sikuumia. Akaanza kutembea kurudi tulikotoka, na hakugeuka. Nami, nasema ukweli, niliiangalia ile mikono yake yenye grisi nikamwamini baba. Mafuta yangu sikuyakumbuka kabisa. Kichwani mwangu mafuta yalikuwa dawa. Nani anashuku dawa?

Baba aliendesha mwenyewe mpaka Tororo, polepole kama anasindikiza jeneza, na breki akazigusa kidogo kidogo tu. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi Bartholomew.

"Fundi, kuna mtu ameniharibia gari," alisema kabla hata ya salamu.

"Habari ya Busia?" fundi alijibu. Alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya chini. "Habari ya nyumbani? Sasa, hiyo ya mtu tutaona. Mimi nauliza gari kwanza. Stelingi inatikisika ukienda polepole, au ukienda mbio?"

"Ukienda mbio."

"Na kuvuta kushoto, inavuta saa zote au ukishika breki tu?"

Baba alifikiri. "Breki tu."

"Basi hayo ni magonjwa mawili. Usiyafunge pamoja."

Aliinua mbele kwa jeki. Alishika gurudumu juu na chini akalitikisa, kisha kulia na kushoto, sikio karibu, kama anasikiliza tumbo la mtoto. "Hapana cheza. Na nati zimekazwa sawa sawa. Huyu aliyekaza anajua kazi."

Baba alikunja uso.

Fundi alilizungusha gurudumu la kushoto kwa mkono, likazunguka, likasimama. Alilizungusha tena, likasimama pale pale. Alilala chini, akaingiza bisibisi nyuma ya ringi akagongagonga. Bonge la matope makavu lilianguka, kubwa kama nusu ya mkate.

"Huyu hapa adui yako wa kwanza," alisema. "Matope ya mtoni. Yamekauka upande moja, gurudumu imekuwa nzito upande moja. Ikienda mbio inapigapiga, na stelingi inatikisika."

Ningecheka kama baba asingekuwa amesimama karibu yangu.

Kisha fundi alifungua gurudumu la kulia, lile lililokuwa likipiga kelele. Alitoa lile bakuli la chuma linalofunika breki, akaligeuza kwenye mwanga. Ndani liling'aa. Alifungua la kushoto, likawa kavu, lina vumbi tu.

"Ya kushoto inashika, ya kulia inateleza," alisema. "Ndiyo maana gari inakimbilia kushoto."

"Hayo mafuta yamevuja kutoka ndani ya breki yenyewe?"

Fundi alipapasa mipira ya ndani kwa kidole. "Hapa pakavu. Na grisi ya beringi iko mahali pake. Hapana, Zubairi. Hii imetoka nje. Mtu ameitia."

Baba alivaa kofia yake. "Nilijua! Alhamisi nilijua. Sasa twende tuone kama polisi nao atawaambia 'sawa'."

Huku kwetu tajiri akimshitaki dereva wake, dereva hulala ndani kwanza, maswali huja baadaye. Kichwani nilimwona Osire amefungwa pingu. Nilimwona Agwang, binti yake, ambaye tunakaa naye dawati moja, anaambiwa na watoto darasani kwamba baba yake ni muuaji. Na hapo ndipo nilipokiona kikopo cha shangazi, na kidole changu kinabonyeza.

"Ni mimi," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Baba alishafika barabarani. Nilikimbia, nikamshika kanzu.

"Baba, ni mimi. Nilitia mafuta ya cherehani. Asubuhi. Lilikuwa linalia."

Aliniangalia kwa yale macho aliyomwangalia nayo Osire.

"Nani amekufundisha kusema hivyo? Agwang? Unamtetea baba ya rafiki yako?"

Nilizidi kuivuta kanzu. Fundi Bartholomew ndiye aliyesema kutoka ndani, bila haraka, "Zubairi, mlete hapa. Kama ni yeye, anajua alitia wapi."

Alirudisha bakuli na ringi mahali pake, akaniambia nionyeshe. Nilichuchumaa nikaweka kidole kwenye kitundu. Fundi alinusa mafuta, akayasugua kati ya vidole. "Mepesi. Hata mama watoto wangu anayo haya ya cherehani. Ulitia matone mangapi?"

"Mpaka kikopo kikaisha."

Baba alikaa juu ya sanduku la spana. Alivua kofia, akaishika magotini, akamsimulia fundi yote: matope ya mtoni, Osire na spana yake, ile baiskeli mteremkoni.

Fundi alibadilisha vipande vya kubana vilivyolowa mafuta, akasafisha bakuli kwa petroli. Alikuwa anasema huku anafanya kazi, hatutazami.

"Binti, cherehani inataka kuteleza. Breki inataka kushika. Nia yako ilikuwa nzuri, lakini leo karibu iue mama na mtoto wake. Kitu hukijui, uliza. Umeshafanya, sema, tena sema mapema. Ungesema pale mteremkoni, Osire angekuwa hapa ananishikia taa." Alichovya kitambaa tena kwenye petroli. "Na wewe, Zubairi. Haya matope nimeyatoa kwa bisibisi, sikutumia uchawi. Kama ungeangalia magurudumu yako vile ulivyokuwa unaangalia mikono ya Osire, ungeyaona Jumatano. Yule alikuambia gari inaumwa. Wewe ukasikia kwamba yeye ndiye ugonjwa."

"Umesema kweli," baba alijibu. Sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu mwingine.

Tulishusha simsim na gauni, tukarudi Busia gari limetulia kabisa. Njia nzima baba alikuwa anaangalia pembeni, akimtafuta mtu anayetembea kwa miguu. Tulikwenda mpaka nyumbani kwa Osire. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Jirani alituambia wameondoka wote, na mikeka na kuku, wameenda Kiyeyi.

Shangazi aliposikia habari yote hakunipiga. Aliweka karatasi na kalamu mbele yangu. "Mdomo wako ni mzito, lakini mkono wako unaandika. Kula utakula baadaye."

Baba alisoma Kurani tangu utoto, lakini herufi za shule hakuzijua, kwa hiyo niliandika maneno yake kama alivyoyasema: *Osire, nilikosa. Gari lilikuwa na matope na mafuta, wewe hukuwa na kosa. Maliza matanga ya kaka yako. Ukitaka kurudi, ufunguo uko kwangu, sijampa mtu.* Alisita, akasema, "Andika tena nilikosa." Nikaandika.

Chini yake niliongeza yangu: *Baba Agwang, mafuta nilitia mimi. Uliniuliza kama nimeumia na mimi sikusema kitu. Nisamehe. Mwambie Agwang nitamwandikia masomo yote atakayoyakosa.*

Fundi Bartholomew ni mtu wa Kiyeyi, na kila Jumapili huenda kusali kwao. Baba alimpelekea barua mwenyewe alfajiri ya Jumapili. Jumatatu baba alipokwenda Tororo nilimwomba ruhusa ya kukosa shule nikaenda naye. Nilimuuliza fundi kabla baba hajashuka.

"Nimempa mkononi," alisema. "Aliisoma mbele yangu, akaisoma mara ya pili. Nikamuuliza, nirudishe neno gani? Akaniuliza kama breki zinashika vizuri sasa. Nikamwambia zinashika. Akaikunja barua, akaiweka mfukoni, akarudi shambani."

"Hakusema kitu kingine?"

"Hakusema."

Tangu barua ile ni Jumapili tatu sasa. Baba anaendesha mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari anainama, anazunguka magurudumu yote manne, na mimi namshikia taa. Kila akirudi kutoka Tororo simuulizi habari ya Osire. Anaona tu nimesimama mlangoni, anatikisa kichwa, tunaingia ndani.